Uhai wa Siku Tano na Haki ya Mgonjwa

Liko jambo moja ambalo kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano limewagawa madaktari na viongozi wa dini, limewagonganisha marais na mabunge yao, na limewatenganisha hata watu wa chama kimoja waliozoea kupiga kura pamoja. Jambo lenyewe latokana na kitu kidogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii, nacho ni kiinitete cha binadamu chenye umri wa siku tano. Wako wasemao kwamba ndani yake mna dawa ya magonjwa yasiyo na dawa. Wako wasemao kwamba ndani yake mna mtu, na mtu hauawi ili mwenzake apone. Yatupasa sote kulifahamu jambo hili, maana ni kosa kudhani kwamba mambo ya maabara ni ya wataalamu peke yao. Linalohusu mwanzo wa mwanadamu lamhusu kila mwanadamu, awe mkulima, kuli wa bandarini au profesa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mwili wetu umejengwa kwa vijumba vidogo sana viitwavyo seli, na kila seli ina kazi yake. Seli ya ngozi haifanyi kazi ya ini, wala seli ya moyo haifanyi kazi ya mfupa, kama vile katika kiwanda mchomeleaji hafanyi kazi ya karani. Lakini ziko seli ambazo hazijapewa kazi, mfano wa kijana anayeingia kiwandani ambaye bado aweza kufundishwa ufundi wowote. Hizo ndizo seli shina. Katika mwili wa mtu mzima zimo, mathalani katika uboho wa mifupa, ambako huzalisha damu siku zote za maisha yetu. Lakini hizo zimekwisha kuchagua ukoo wa kazi. Seli shina za kiinitete hazijachagua. Zaweza kuwa damu, neva, misuli au kongosho.

Yai la mama likutanapo na mbegu ya baba huwa seli moja. Hiyo hugawanyika ikawa mbili, nne, nane, na kuendelea. Ifikapo siku ya tano huwa tufe dogo lenye seli mia moja au mia mbili hivi. Seli za nje ndizo zitakazofanya kondo la nyuma, na fungu la seli za ndani ndilo litakalokuwa mtoto, iwapo tufe hilo litajishika katika mji wa mimba. Mtaalamu huzitoa seli za ndani, akaziweka katika chombo chenye chakula chake, nazo huzaana mwaka baada ya mwaka bila kukoma. Lakini kiinitete chenyewe hufa. Hapo ndipo ulipo ugomvi wote.

Viinitete hivyo vyatoka wapi? Mwezi wa Julai 1978, katika mji wa Oldham nchini Uingereza, alizaliwa mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili wa mama. Tangu hapo wazazi wengi waliokosa watoto wamesaidiwa kwa njia hiyo. Lakini madaktari hutunga viinitete vingi kuliko vinavyohitajiwa, na vinavyobaki hugandishwa kwa baridi kali. Hesabu iliyofanywa Marekani mwaka 2002 ilionyesha kwamba nchini humo peke yake vilikuwamo karibu 400,000. Mwaka 1981 wataalamu wa Uingereza na Marekani walikuwa wamekwisha kuzipata seli shina za viinitete vya panya. Mwezi wa Novemba 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitangaza kwamba amezipata za binadamu. Alitumia viinitete vilivyobaki, ambavyo wenyewe waliokuwa wakitafuta watoto walikubali kuvitoa. Fedha hazikutoka serikalini, bali katika kampuni ya watu binafsi, kwa sababu sheria ya Marekani iliyopitishwa mwaka 1996, na kurudiwa kila mwaka tangu hapo, yakataza fedha za serikali kutumika katika utafiti unaoharibu kiinitete.

Sasa tusikilize upande wa wagonjwa. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza huishi kwa sindano, maana kongosho lake halitoi tena insulini. Mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson hutetemeka na kuganda kwa sababu seli fulani za ubongo wake zimekufa, wala hazioti tena. Kijana aliyevunjika uti wa mgongo hukaa kitini maisha yake yote. Watu hawa wasema: ikiwa seli iliyokufa yaweza kubadilishwa kwa seli iliyo hai, kwa nini tunyimwe? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji.

Kwa muda mrefu matumaini yao yalikuwa maneno tu. Mwezi wa Oktoba 2010 kampuni moja ya Marekani ilianza kuwajaribu wagonjwa wa uti wa mgongo kwa seli zilizotokana na viinitete. Baada ya mwaka mmoja na mwezi ikaacha, si kwa kuwa dawa ilidhuru, bali kwa kuwa fedha hazikutosha. Lakini katika mwaka 2025 zilitolewa taarifa ambazo hapana mtu wa haki awezaye kuzidharau. Wagonjwa 12 wa kisukari cha aina ya kwanza walitiwa kipimo kamili cha seli za kutoa insulini zilizokuzwa kutokana na seli shina za kiinitete. Baada ya mwaka mmoja 10 kati yao hawakuhitaji tena sindano ya insulini. Hali kadhalika wagonjwa 12 wa Parkinson walipandikizwa seli za ubongo zilizotoka katika asili hiyohiyo, na seli hizo zikaishi bila kuleta madhara makubwa. Ni watu wachache, na wale wa kisukari hawana budi kumeza dawa za kuuzuia mwili usizikatae seli ngeni, dawa ambazo zina hatari zake. Walakini yaliyokuwa ndoto mwaka 1998 si ndoto tena.

Basi tusikilize na upande wa pili, kwa heshima ileile. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa mwaka 1987 na mwingine wa mwaka 2008, limefundisha kwamba mwanadamu yapasa aheshimiwe kama mtu tangu mimba itungwapo. Hoja yake si ya imani peke yake. Yasema hivi: kati ya siku ya kwanza na siku ya kuzaliwa hapana mahali uwezapo kusimama ukasema, jana hakuwa mtu na leo ni mtu. Kila mmoja wetu alikuwa tufe hilo. Na mtu hapimwi kwa ukubwa wake, wala kwa nguvu zake, wala kwa faida atakayowaletea wengine. Wasemao hivi si wajinga wala si maadui wa elimu. Waikumbuka historia, jinsi watu waliokuwa na nguvu walivyosema mara nyingi kwamba wasio na nguvu si watu kamili, kisha wakawatumia watakavyo.

Lakini ni makosa vilevile kudhani kwamba huu ni ugomvi kati ya dini na sayansi. Dini zenyewe hazisemi neno moja. Wanazuoni wengi wa Kiislamu, wakitegemea hadithi za Mtume, hufundisha kwamba roho hupulizwa siku ya mia na ishirini, na wengine husema siku ya arobaini. Mwishoni mwa mwaka 2003 Baraza la Fiqhi lililokutana Makka liliruhusu viinitete vilivyobaki katika matibabu ya uzazi vitumiwe kwa seli shina, wenyewe wakiridhia, na likakataza kuvitengeneza kwa makusudi hayo. Mwaka huohuo taasisi ya Royan ya Iran, nchi inayoongozwa na wanazuoni, ilipata seli shina za kiinitete cha binadamu. Katika mapokeo ya Kiyahudi nako, kabla ya siku arobaini kiinitete huhesabiwa kama maji tu. Basi asiyekubaliana nawe katika jambo hili si lazima awe mtu asiyemcha Mungu.

Nchi mojawapo iliyolitafakari jambo hili kwa utulivu ilikuwa Uingereza. Mwaka 1982 serikali iliunda kamati chini ya Mary Warnock, mwalimu wa falsafa, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1984. Kamati haikudai kuujua mwanzo wa utu. Ilisema tu kwamba utafiti uruhusiwe kwa leseni, lakini kiinitete kisikuzwe nje ya mwili kupita siku 14. Kwa nini 14? Kwa sababu kadiri ya wakati huo ndipo uonekanapo mstari wa kwanza wa mwili utakaokuja. Kabla ya mstari huo kiinitete kimoja chaweza bado kugawanyika kikawa mapacha, na ambacho chaweza kuwa wawili ni vigumu kukiita mtu mmoja. Bunge lilifanya shauri hilo kuwa sheria mwaka 1990, na kuivunja ni kosa la jinai. Mwaka 2001 likaongeza ruhusa ya kutafuta tiba za magonjwa mazito. Wako waliokataa mpaka leo, lakini kila mtu ajua uzio uko wapi.

Marekani mambo hayakwenda hivyo. Tarehe 9 Agosti 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba fedha za serikali zitatumika kwa seli zilizokwisha kupatikana kabla ya siku ile tu. Alisema koo za seli hizo zilikuwa zaidi ya 60. Baadaye ikaonekana kwamba zinazofaa hazikuzidi 21 hivi. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa kizuizi hicho. Hata baadhi ya maseneta waliopinga utoaji mimba waliiunga mkono, na mjane wa Rais Reagan, aliyemwuguza mumewe miaka mingi, alikuwa amekwisha kuutetea utafiti huu hadharani. Rais Bush aliikataa sheria hiyo kwa kura ya turufu, ya kwanza katika utawala wake. Tarehe 9 Machi 2009 Rais Obama aliondoa kizuizi kwa amri yake. Na katikati ya mvutano huo, mwezi wa Novemba 2004, wananchi wa California walipiga kura ya kukopa dola bilioni 3 kwa ajili ya utafiti huu.

Hapa yafaa tutazame jambo ambalo halikusemwa sana. Katika miaka yote hiyo serikali ya Marekani ilikataza fedha za umma. Haikuikataza kazi yenyewe. Kampuni yenye mali ilikuwa huru kuendelea, na wakfu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ulijipatia hataza juu ya seli hizo. Maana yake nini? Ikiwa ni dhambi kukiharibu kiinitete, basi ni dhambi kwa tajiri kama ilivyo dhambi kwa serikali. Na ikiwa si dhambi, kwa nini wananchi wazuiliwe kuifanya kazi hiyo kwa fedha yao, hali mwenye hisa ameachiwa aifanye kwa faida yake? Sheria inayofunga mlango wa umma na kuuacha wazi mlango wa kampuni haikulinda kiinitete wala mgonjwa. Katika jambo hili Mahakama ya Ulaya ilikuwa na msimamo ulio sawasawa zaidi. Mwezi wa Oktoba 2011 iliamua kwamba uvumbuzi unaohitaji kuharibu kiinitete cha binadamu haupewi hataza. Mtu aweza kuupinga uamuzi huo, lakini hawezi kusema kwamba ulimpendelea mwenye mali.

Ujerumani nayo ina kisa chake. Kwa kukumbuka waliyoyafanya madaktari wa Kinazi, sheria yake ya mwaka 1990 yakataza kabisa kukiharibu kiinitete. Lakini mwaka 2002 Bunge liliruhusu seli ziingizwe kutoka nje, mradi ziwe zimepatikana kabla ya tarehe 1 Januari 2002, ili pasiwe na kiinitete kitakachokufa kwa haja ya Wajerumani. Mwaka 2008 tarehe hiyo ikasogezwa mpaka 1 Mei 2007. Twaiheshimu nia yao. Hata hivyo hatuwezi kuacha kusema kwamba asiyechinja nyumbani mwake lakini hununua nyama ya jirani hawezi kujisifu kwamba hana damu mikononi.

Lakini funzo kali kuliko yote latoka Korea ya Kusini. Mwaka 2004 na 2005 Hwang Woo-suk, profesa wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, alitangaza kwamba ametengeneza viinitete vinavyofanana na wagonjwa wenyewe na kupata seli shina kutoka kwao. Taifa zima lilimshangilia. Mwanzoni mwa mwaka 2006 ikathibitika kwamba habari hizo zilikuwa za uongo, na mwaka 2009 mahakama ikampa kifungo cha nje. Uongo ni jambo baya, lakini liko baya zaidi. Kazi ile ilikuwa imetumia mayai zaidi ya 2,000 kutoka kwa wanawake zaidi ya mia moja. Wengine walilipwa, na wengine walikuwa wasaidizi waliofanya kazi katika maabara yake, chini ya amri yake. Kutoa mayai si kama kukata nywele. Mwanamke hudungwa sindano za homoni siku nyingi, na wengine huugua sana. Msaidizi mdogo akiombwa yai na bwana mkubwa wake, mwenye uwezo wa kumpandisha au kumwachisha kazi, hiari yake iko wapi? Kila mfanyakazi ajua jibu. Wakuu wa dunia walikuwa wakigombana juu ya haki ya kiinitete, na mwanamke mwenye yai amesahauliwa.

Wako watakaouliza: je, elimu yenyewe haikumaliza ugomvi huu? Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto aligundua njia ya kuirudisha seli ya kawaida ya panya katika hali ya ushina, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli ya binadamu, bila kiinitete kuguswa. Alitunukiwa Nobeli mwaka 2012. Ni jambo la kushukuru, na wengi walitangaza kwamba mjadala umekwisha. Haukwisha. Seli za viinitete bado ndizo kipimo ambacho wataalamu hulinganishia nyingine, na wale wagonjwa 12 wa kisukari tuliowataja walitibiwa kwa seli za kiinitete. Kisha mwaka 2023 wataalamu wa Israeli walitangaza kwamba, kwa seli shina peke yake, bila yai wala mbegu, wamejenga umbo linalofanana na kiinitete cha siku 14. Sasa mtu aulize: hicho nacho ni nini?

Wala uzio wa Warnock hautulii. Kwa miaka mingi siku 14 hazikumkera mtu, kwa kuwa hapana aliyeweza kukifikisha kiinitete huko. Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza na Marekani walifika siku ya kumi na mbili na kumi na tatu. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina ikaacha kuliweka jambo la kupita siku 14 katika orodha ya makatazo, na Novemba 2024 halmashauri inayosimamia kazi hii Uingereza ikapendekeza siku 28. Huenda ziko sababu njema. Lakini uzio unaosogezwa kila ng'ombe anapoufikia hauwi uzio tena.

Kwa maoni yetu pande zote mbili zina hoja ambazo yafaa ziachwe. Wanaotetea utafiti husema, "Viinitete hivyo vitatupwa tu." Hoja hiyo haitoshi. Mtu aliyehukumiwa kufa naye atakufa, lakini hapana daktari mwenye ruhusa ya kumpasua akiwa hai. Wanaopinga nao husema kwamba kila kiinitete ni mtu sawa na mtoto aliyezaliwa. Lakini wengi wao hawajadai kufungwa kwa hospitali ambamo viinitete maelfu vimegandishwa. Wala hapana jamii inayofanya matanga kwa mimba zile nyingi zinazotoka zenyewe kabla mama hajajua kwamba alichukua mimba. Nyumba ikishika moto, na ndani mna mtoto mmoja na chombo chenye viinitete mia, sote twajua mkono utakamata nini kwanza. Hilo latuonyesha kwamba kiinitete cha siku tano si mtu kamili. Lakini wala si kucha iliyokatwa. Ni mwanzo wa mtu, na mwanzo wa mtu una heshima yake.

Kwa hiyo sisi twaona kazi hii yaweza kuruhusiwa, lakini kwa masharti manne, wala si kwa mojawapo. La kwanza, viwe ni viinitete vilivyobaki katika matibabu ya uzazi, na baba na mama waridhie kwa kuelezwa, bila kushawishiwa. La pili, yai la mwanamke lisiwe bidhaa. Asinunuliwe maskini, wala asiombwe aliye chini ya amri ya mwombaji. La tatu, uzio uwekwe na Bunge la wananchi mchana kweupe, na ukisogezwa, usogezwe na Bunge hilohilo baada ya watu kusikilizwa, si na watafiti wenye haja ya kuuvuka. La nne, ambalo twaona ndilo linalosahauliwa kuliko yote, matunda yake yawafikie wagonjwa, si wenye fedha tu.

Tusidhani sharti hilo la nne ni la kubuni. Mwezi wa Desemba 2023 Marekani ilikubali tiba mpya ya ugonjwa wa selimundu, itumiayo seli shina za damu ya mgonjwa mwenyewe. Humo hamna kiinitete wala ugomvi wa maadili. Ni habari njema tupu. Bei yake wakati huo ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi sana wenye ugonjwa huo. Mama wa mtoto huyo, anayeamka usiku kumkanda viungo, tiba hiyo kwake ni kama nyota, huiona ikimeta wala haishiki.

Basi mgonjwa haulizwi uji. Lakini anayeupika yapasa aulizwe mambo mawili, unga ameutoa wapi, na uji huo atamnywesha nani. Wataalamu watatuambia yawezekanayo, na viongozi wa dini watatukumbusha yapasayo. Kuuliza maswali hayo mawili, na kutokubali kunyamazishwa mpaka yajibiwe, ni kazi yetu sisi wengine wote.